Neno Moja Mara Arobaini

Bwana Nantembo alitaka neno moja mara arobaini:
korosho bora Newala, kila aya, kila kichwa,
hata chini ya picha ya lori lililoegeshwa.
"Mashine inapenda kukumbushwa," alisema,
"ni kama mjomba mwenye deni lako."
Nikaandika. Maneno elfu moja na mia mbili, shilingi elfu thelathini,
na nilipousoma ukurasa kwa sauti
mama, jikoni, akauliza nani kashikwa na kwikwi.

Mwezi mzima tukakaa ukurasa wa sita wa matokeo.
Ukurasa wa sita ni Newala usiku wa ukungu, umeme umekatika:
nyumba zipo, watu wamo,
anayepita hajui.

Nikafungua orodha ya maswali
ambayo watu huiuliza ile mashine wakiwa peke yao.
Hakuna aliyeuliza habari za ubora wetu.
Waliandika kwa herufi ndogo, bila nukta, bila haya:
mikono imebabuka na korosho nifanyeje
mafuta ya ganda yanatokaje
mtoto kang'ata korosho mbichi mdomo umevimba
Saa nane usiku. Saa tisa na robo.

Nilipanda bodaboda hadi Kitangari, kwa Somoe,
miaka ishirini na miwili anabangua,
ncha za vidole nyeusi kama sufuria ya msibani.
Nilitoa daftari. Akanipa kigoda na rungu.
"Bangua kumi kwanza, ndipo uulize."
Nilibangua saba. Nne zikatoka vipande,
na ya saba ikanitemea mafuta kwenye dole gumba.
Aliliangalia likivimba, akacheka kidogo,
"Haya. Sasa una la kuandika."

Nikafuta yote arobaini.
Picha ya lori nikaitoa, ilikuwa inakula bando la mtu
kabla hajafika kwenye jibu.
Kichwa nikakiweka kwa maneno yao wenyewe,
mikono imebabuka, nifanyeje,
na jibu nikaliweka juu, si baada ya historia ya kampuni:
Majivu paka kabla ya kuanza, si baada.
Mafuta ya nazi hadi kwenye kiwiko.
Jasho usilifute usoni kwa kiganja.
Mtoto akivimba mdomo, funga simu hii, nenda zahanati.

Bwana Nantembo alisoma mara mbili.
"Unamfukuza msomaji?"
"Namfukuza aende hospitali."
"Na sisi tuko wapi?"
"Chini kabisa. Kama yule anayenawisha wageni."
Hakunilipa wiki hiyo.

Ukurasa wa sita. Wa tano. Wa tano. Wa tatu.
Kisha shangazi akafariki, nikaacha kuangalia.
Niliporudi kutoka matangani tulikuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa pili,
chini ya hospitali moja kubwa,
na hapo sina ugomvi napo.
Mtu wa Nachingwea alikuwa ameandika: ahsante, zimepoa.
Bwana Nantembo akanipigia kutoka mnadani,
akizungumza kama ni yeye aliyebabuka.

Nikarudi Kitangari kumsomea Somoe kwenye simu.
Alisikiliza bila kuacha kugonga.
"Umesema mafuta ya nazi."
"Ndiyo."
"Nazi nani anayo? Sisi tunapaka nyonyo.
Huyo anayeuliza usiku, mtajie kilichomo ndani."
Nikarekebisha palepale, mtandao ukisuasua,
nimesimama juu ya kigoda kuutafuta.

"Na jina langu umeliweka wapi?"

Sikuwa nimeliweka popote.
Nilikuwa nimehesabu kila neno ila hilo.

Niliandika mstari mpya juu ya mistari yote:
Haya kanifundisha Somoe, wa Kitangari.
Akaunyooshea rungu ule mwanga wa simu.
"Weka na Chipwaza," akasema.
"Akina Somoe tuko wengi. Mtu asije akanitafuta
akampata mwingine."